Malighafi za sabuni zinapouzwa kwenye nyumba yenye watoto

Mafunzo ya kutengeneza sabuni yamekuwa mengi mitaani. Kina mama hufundishana kwenye vikoba, kwenye vikundi vya kanisani na msikitini, na kwenye makundi ya WhatsApp. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, nalo limefundisha kazi hii kwa watu wengi mikoani. Kwa ndoo moja, mwiko mrefu na siku moja ya mafunzo, mtu anarudi nyumbani akiwa na lita 20 za sabuni ya maji.

Wiki inayofuata huja swali ambalo mwalimu hakulijibu vizuri: malighafi nazipata wapi? Anayeishi karibu na Kariakoo hana shida. Aliyeko Mbagala, Chanika au Bunju anapoteza nauli na nusu siku kwa ajili ya kilo moja ya kostiki soda na lita moja ya salfoniki.

Hapo ndipo inapozaliwa biashara nyingine, ya kuwauzia malighafi hao wanaotengeneza sabuni. Haihitaji mtaji mkubwa na haiozi kama nyanya. Mteja wake akifanikiwa, anarudi kila mwezi. Ndiyo maana kina mama wengi wanaitamani. Lakini ina jambo moja ambalo halitajwi sana kwenye mafunzo: kwa wengi haianzii dukani. Inaanzia sebuleni, mahali ambapo watoto wanacheza.

Ilivyoanza Mbagala

Mama mmoja wa Mbagala, mwenye miaka 34 na watoto watatu, aliingia kwenye biashara hii kwa njia hiyo. Mtoto wake mkubwa alikuwa darasa la tano, wa pili darasa la kwanza, na wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Mumewe ni dereva wa daladala, kazi ambayo siku nyingine inaleta hela na siku nyingine inaleta maelezo tu.

Alianza kwa kutengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa majirani. Ilienda vizuri miezi michache, kisha majirani nao wakajifunza. Mtaa mmoja ukawa na watengenezaji wanne, kila mmoja akishusha bei. Akiwa karibu kukata tamaa, akagundua kwamba waliokuwa wanagonga mlango wake hawakuwa wanataka sabuni tena. Walikuwa wanauliza: "Dada, hiyo slesi umenunua wapi? Huna ya kunigawia hata nusu kilo?"

Zamu yake ya mchezo ilipofika, watu 10 kwa shilingi 30,000 kila mmoja, alishika shilingi 300,000. Akaenda Kariakoo, akarudi na bajaji iliyobeba mfuko wa kilo 25 wa kostiki soda, dumu la salfoniki, slesi, soda ashi, rangi na chupa chache za pafyumu. Kodi ya fremu hakuwa nayo. Vitu vyote vikapangwa kwenye kona ya sebule, nyuma ya kochi.

Duka linalofanana na jiko

Mtu asiyezijua kemikali hizi anaweza kudhani ameingia stoo ya chakula. Kostiki soda ni nyeupe, ya punje au vipande vidogo. Kwa mbali ni sukari au chumvi. Salfoniki ni nzito na ya kahawia kama asali iliyokolea. Slesi ni nyeupe na nzito kama uji uliopoa. Rangi ikikorogwa kwenye maji inakuwa kama juisi. Kisha juu ya yote kuna pafyumu inayonukia limau au stroberi.

Kwa mtu mzima, kufanana huko ni kichekesho. Mtoto wa miaka mitatu, anayejifunza dunia kwa kuiweka mdomoni, anaona karamu.

Tatizo la pili ni vyombo. Biashara hii inaishi kwa kupimia kidogo kidogo. Mteja anataka robo kilo ya hiki na nusu lita ya kile, na anakuja na chombo chake. Mara nyingi chombo hicho ni chupa tupu ya maji ya kunywa au ya soda, au kopo la siagi. Muuzaji anapokea, anajaza, anapokea hela. Chupa ikitoka pale, hakuna kitu kinachosema ndani kuna nini isipokuwa kumbukumbu ya aliyenunua.

Maji yaliyochemka bila moto

Mwezi wa tatu wa biashara, mama mkwe alikuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Jioni hiyo mteja mmoja alikuwa ameomba auziwe kostiki soda iliyokwisha kulowekwa, kwa sababu watengenezaji wengi huiloweka siku moja kabla ili ipoe. Mama akakubali. Akaloweka kwenye ndoo nje, ilipopoa akaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaifunga na kuiweka mezani ili mteja aichukue asubuhi.

Alfajiri mama mkwe aliamka kabla ya wote, kama ilivyo desturi yake, ili kuandaa chai. Mtoto wa mwisho alimfuata jikoni na kikombe chake mkononi. Bibi akachukua chupa iliyokuwa mezani, akamimina kwenye sufuria, akageuka kutafuta kiberiti. Kabla hajakipata, sufuria ilianza kutoa sauti. Mapovu yalipanda, mvuke ukatoka.

"Mwanangu, njoo uone," aliita. "Haya ni maji gani yanayochemka bila moto?"

Kilichowaokoa ni sufuria. Masufuria mengi ya nyumbani kwetu ni ya alumini, na kostiki soda huishambulia alumini papo hapo ikitoa joto na gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Laiti bibi angemimina kwenye kikombe cha plastiki cha mjukuu, isingetoa sauti yoyote. Maji ya kostiki yaliyopoa ni meupe, hayana harufu, na yanakaa kwenye plastiki kama maji mengine yoyote.

Mama alimnyakua mtoto, akafungua madirisha, akamtoa bibi nje. Hakuna aliyeumia. Sufuria ilitobolewa tundu dogo chini.

Kinachotokea mtoto akimeza

Kostiki soda si sumu inayosubiri ifike tumboni. Inaunguza kila inapogusa: midomo, ulimi, koo, na mrija wa chakula. Inayeyusha mafuta na nyama za mwili kwa namna ileile inavyoyageuza mafuta kuwa sabuni, na kazi hiyo huanza ndani ya sekunde chache. Mtoto anaweza kuonekana mdomo hauna jeraha kubwa huku mrija wa chakula umeungua vibaya. Anayepona huweza kubaki na kovu linalobana mrija huo, kiasi kwamba ugali haupiti, na kulazimika kurudi hospitali mara nyingi ili upanuliwe.

Kwa hiyo mzazi ajue haya kabla hayajamfika. Mtoto akimeza, asitapishwe, kwa sababu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asipewe ndimu wala siki kwa kudhani vitaizima. Asijazwe maziwa kwa nguvu. Asuuzwe mdomo kwa maji, avuliwe nguo zilizolowa na akimbizwe hospitali, na chupa au kopo liende naye ili daktari ajue anapambana na nini. Ikimwagikia ngozi au kuingia machoni, yatumike maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kisha hospitali.

Mambo haya si ya Mbagala peke yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, familia nyingi za Marekani zilitumia kemikali hiyohiyo kuzibua mabomba na kutengeneza sabuni, ikiuzwa madukani kama bidhaa yoyote ya nyumbani. Daktari wa koo aitwaye Chevalier Jackson, aliyefanya kazi Pittsburgh na baadaye Philadelphia, alikuwa akipokea watoto ambao mirija yao ya chakula ilikuwa imeziba baada ya kuimeza. Alizibua, akachoka kuzibua, akaona dawa ya kweli iko kwenye kopo lenyewe. Alipigania kwa miaka mingi iwepo sheria ya kuandika kwenye vifungashio kwamba hii ni sumu, pamoja na maelekezo ya huduma ya kwanza. Mwaka 1927 Rais Calvin Coolidge alitia saini sheria hiyo.

Kikao cha familia

Siku ile daladala haikutoka mapema. Baba alikaa na mkewe na mama yake, akasema neno moja: "Mama watoto, hivi vitu vitoke humu ndani leo."

Mama hakubisha kwamba ni hatari. Alichouliza ni ada ya mtoto wa kwanza itatoka wapi, na hela ya chakula cha shule ambayo kwa miezi mitatu imekuwa ikitoka kwenye kona ile ya sebule. Baba naye hakuwa na jibu. Daladala aliyokuwa anaendesha haikuwa yake.

Mama mkwe ndiye aliyewasogeza mbele. Aliwakumbusha kwamba zamani mafuta ya taa yaliwekwa kwenye chupa za soda, na watoto wengi waliyanywa. Hakuna aliyeacha kuwasha taa kwa ajili hiyo, alisema, ila waliokuwa na akili waliacha kutumia chupa za soda. "Ubaya hauko kwenye dawa peke yake," alisema. "Uko kwenye chupa, na uko kwenye meza."

Wakakubaliana mambo matatu. Hakuna kemikali itakayolala ndani ya chumba wanacholala au kula watu. Hakuna kitu kitakachouzwa kwenye chombo cha chakula au kinywaji, hata mteja akiwa ndugu. Na kostiki soda haitauzwa ikiwa imelowekwa. Mteja atanunua kavu na kufundishwa kuiloweka mwenyewe.

Fundi cherehani wa jirani alikuwa na fremu yenye stoo nyuma asiyoitumia. Mama akaipanga kwa sehemu ndogo ya kodi. Akanunua ndoo nzito zenye mifuniko ya kubana, na kofuli. Salfoniki, ambayo ni tindikali, ikakaa upande mmoja wa stoo. Kostiki soda ikakaa upande mwingine, kwa sababu viwili hivyo vikikutana bila mpango huzalisha joto kali.

Binti wa darasa la tano, mwenye mwandiko mzuri, alipewa kazi ya kuandika karatasi za kubandika kwenye kila kifungashio: jina la kitu, uzito, na chini yake kwa wino mwekundu, HATARI, SI CHAKULA, WEKA MBALI NA WATOTO. Mdogo wao wa miaka mitatu hawezi kusoma hayo. Ndiyo maana kofuli lipo.

Mtaji nao ulikuwa unavuja

Kilichomshangaza mama huyu ni hesabu za miezi iliyofuata. Alidhani mifuniko, karatasi na kodi vitamla faida. Wateja kadhaa kweli walinuna alipokataa chupa zao, na wawili watatu wakahamia kwa muuzaji mwingine. Lakini fedha iliyobaki mwisho wa mwezi iliongezeka.

Sababu ya kwanza ni hewa ya pwani. Kostiki soda hunyonya unyevu. Mfuko ukiachwa wazi Dar es Salaam, punje zinashikana, zinalowa, na nguvu yake inapungua. Tuseme mfuko wa kilo 25 unagawanywa pakiti 50 za nusu kilo, pakiti 40 zikirudisha gharama na 10 zikiwa faida. Kilo moja tu ikiharibika chini ya mfuko, pakiti mbili zimekwenda, na hiyo ni moja ya tano ya faida yote. Mfuniko uliowekwa kwa ajili ya mtoto ukaanza kulinda pakiti hizo.

Sababu ya pili ni mizani. Zamani alipima kwa kikombe. Alipoanza kuandika uzito kwenye karatasi, ilibidi anunue mizani ya kweli, na hapo ndipo alipoelewa kwa nini baadhi ya wateja wa sabuni ya mche walipotea. Kila mafuta yana kipimo chake cha kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 ili yote yageuke sabuni. Kilo moja ya mawese, kama yale ya Kigoma, huhitaji takribani gramu 142 tu. Anayetumia kipimo cha nazi kwenye mawese anabakiza zaidi ya gramu 40 za kostiki ambazo hazikupata mafuta. Hizo zinabaki ndani ya sabuni, na zitamkuta mtoto kwenye beseni la kuogea.

Watengenezaji wazoefu hupunguza kipimo kwa asilimia 5 hivi ili mafuta kidogo yabaki, badala ya kostiki. Kwa nazi inakuwa gramu 174, kwa mawese gramu 135. Na sabuni ya mche iliyotengenezwa bila kupikwa huachwa wiki nne hadi sita kabla ya kutumika. Mambo hayo akayaandika kwenye kikaratasi kidogo anachompa kila mnunuzi, pamoja na kanuni ya kuloweka: soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, wala si maji kumiminwa juu ya soda, ndoo ya plastiki ngumu, kamwe si sufuria ya alumini, mahali penye hewa, glavu na miwani, na watoto wasiwepo.

Kikaratasi hicho ndicho kilichorudisha wateja. Mtu ambaye sabuni yake imeganda vizuri mara ya kwanza anarudi kununua tena. Iliyoharibika, hata kama kosa ni la kipimo chake mwenyewe, anasema malighafi zilikuwa feki na anawaambia wenzake.

Kuna bidhaa moja aliyoiondoa kabisa: fomalini, ambayo baadhi huiweka ili sabuni ya maji isiharibike. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wateja walioizoea aliwaeleza hivyo, na akawashauri watengeneze sabuni kidogo kidogo ya kuisha mapema.

Mambo ya serikali

Wengi wanaoanza biashara hii hudhani TIN ya TRA na jina lililosajiliwa BRELA vinatosha. Kwa muuzaji wa kemikali haitoshi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 ya usimamizi wa kemikali za viwandani na majumbani, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayejihusisha na kemikali hizi anatakiwa kusajiliwa huko, na mahali anapohifadhi pawe panafaa. Kwa mteja anayetengeneza sabuni yenyewe, kituo kingine ni TBS kwa ajili ya alama ya ubora.

Kuna wanaoikwepa njia hiyo kwa kuona ni usumbufu. Lakini muuzaji aliyejificha hawezi kuweka bango, hawezi kutoa risiti, na hata mkopo usio na riba wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana ni mgumu kuupata kwa biashara isiyotambulika. Mama wa Mbagala alianza taratibu hizo akiwa na stoo yenye ndoo zilizoandikwa na kufungwa. Kama angekuwa bado nyuma ya kochi, asingekuwa na mahali pa kumwonyesha mkaguzi.

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza

Mzazi anayewaza biashara hii ana haki ya kuiwaza. Inalipa ada na inawapa majirani kazi. Ila mtaji wake usihesabiwe kwa mfuko wa kostiki soda na dumu la salfoniki pekee. Ndoo zenye mifuniko, mizani, glavu, miwani, karatasi za kubandika, kofuli na chumba kisicho cha kulala wala kula vyote ni sehemu ya mtaji huo. Kama hela haifiki hapo, ni afadhali kuanza na rangi, pafyumu na vifungashio, na kusubiri zamu nyingine ya mchezo kwa ajili ya kemikali zenye ukali.

Na kwa wale ambao tayari wanauza, au wana chupa moja tu ya kostiki waliyonunua kwa ajili ya sabuni ya nyumbani, kuna kazi ya dakika tano inayoweza kufanyika leo jioni. Piga magoti mpaka uwe na kimo cha mtoto wako mdogo. Tembea hivyo kuanzia mlangoni, sebuleni, jikoni, mpaka uani. Kila chupa ya maji ambayo ndani yake hakuna maji, na mkono wako unaifikia, iondoe hapo kabla watoto hawajaenda kulala.